Kuusafisha Upotofu wa Mawimbi

Chombo cha kukuza mawimbi kina kazi moja, nayo ni kukitoa kile kilichoingia kikiwa kikubwa zaidi bila ya kubadilika sura. Kazi hii ni rahisi kuitaja na ngumu kuitenda. Taa za redio, ambazo mafundi huziita valvu, na transista zilizozifuata, hazina uaminifu huo: wimbi dogo hulikuza kwa kadiri yake, na wimbi kubwa hulipunja. Hapo ndipo upotofu huzaliwa. Mawimbi mawili yakiingia pamoja, moja la megahezi 900 na jingine la megahezi 901, hutoka yakifuatana na wageni wasioalikwa, wa megahezi 899 na 902, ambao huvamia njia za majirani.

Haja ya kuuondoa upotofu huo ilikuwa kubwa katika simu kwanza. Mwaka wa 1915 Marekani ilifungua njia ya simu kutoka New York hadi San Francisco. Sauti ilihitaji kukuzwa njiani, na kila chombo kiliongeza kasoro yake juu ya kasoro za vilivyotangulia. Kwa mazungumzo machache hasara hiyo ilivumilika. Lakini Harold S. Black, mhandisi kijana aliyeingia katika kampuni ya Western Electric mwaka wa 1921, alitaka njia moja ichukue mazungumzo mengi kwa pamoja, na hayo yalihitaji vyombo vingi mno. Alijaribu kupata valvu iliyo bora, asifanikiwe.

Mwezi wa Machi, 1923, alimsikiliza Charles Steinmetz akiwahutubia wahandisi. Kilichomvuta ni namna mzee yule alivyokiendea kiini cha jambo moja kwa moja. Usiku ule ule Black aliligeuza swali lake. Hakuuliza tena valvu itakamilikaje. Aliikubali kuwa ni pungufu, akauliza upungufu wake utaondolewaje. Kwangu mimi swali hili lavipita kwa thamani vyombo vyote vilivyotokana nalo. Alikipunguza kilichotoka mpaka kikalingana na kilichoingia, akatoa kimoja katika kingine. Kilichobaki kilikuwa upotofu mtupu. Upotofu huo akaukuza peke yake katika chombo cha pili, akautumia kuufuta ule uliomo katika cha kwanza. Siku iliyofuata alijaribu, ikawa.

Ikawa, ila kwa utumwa. Kutoa kimoja katika kingine hutaka vipimo visivyoyumba, na valvu za siku zile ziliyumba. Ilibidi mtu aurekebishe mkondo wa umeme kila saa, usiku na mchana.

Jibu la pili lilimjia asubuhi ya tarehe 2 Agosti, 1927, alipokuwa akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini. Aliliandika juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times. Sehemu ya kinachotoka irudishwe mlangoni, ikiwa imegeuzwa kinyume. Tuseme chombo hukuza mara 10,000, nasi twarudisha sehemu moja katika mia. Ukuzaji utashuka hadi mara 99 hivi, lakini upotofu nao utashuka mara 101. Mwisho wa mwaka ule alipima chombo kilichopunguza upotofu mara 100,000, kati ya kilohezi 4 na 45. Wengi hawakuelewa kwa nini mtu ajenge nguvu kubwa kisha aitupe. Ombi lake la hataza la mwaka wa 1928 halikukubaliwa Marekani mpaka Desemba, 1937, na huko Uingereza ofisi ya hataza ililitazama kama ombi la mtu aliyebuni mashine ya kujiendesha milele. Katika muda huo Harry Nyquist, mwaka wa 1932, alikwisha eleza ni lini chombo cha namna hii kitatulia na ni lini kitapiga mayowe.

Mayowe hayo ndiyo yaliyouzuia uvumbuzi huu katika redio ya masafa ya juu. Kurudi huchukua muda. Wimbi la megahezi 900 hujirudia kila sehemu 1.1 ya bilioni ya sekunde. Umeme ukikawia njiani kwa mwendo wa shubiri moja tu, kilichokusudiwa kupunguza huwa kinaongeza. Hivyo basi, mwishoni mwa miaka ya 1960 Harold Seidel, wa maabara ya Bell, aliirudia njia ya 1923, ambayo humpeleka mkosaji mbele badala ya kumrudisha nyuma. Transista zilikuwa tulivu kuliko valvu, na vipimo viliweza kujirekebisha vyenyewe. Hataza ya Black ya njia hiyo, iliyotolewa mwaka wa 1928, ilikuwa imekwisha muda tangu 1945. Katika miaka ya 1990 vituo vya simu za mkononi viliitumia, ingawa chombo cha pili kilikula umeme mwingi.

Gharama hiyo ndiyo iliyoiondoa. Siku hizi kompyuta ndogo hulipotosha wimbi kwa makusudi kabla halijakuzwa, kwa kiasi kilicho kinyume cha kasoro inayolingoja, kisha huonja kinachotoka na kuzisahihisha hesabu zake. Kwa msaada huo, mpango wa William H. Doherty wa mwaka wa 1936, uliookoa umeme mwingi lakini wenye upotofu, umepata makao katika vituo hivyo.