Goti Limepona kwa Maisha Yapi? Kupima Ubora wa Maisha Miaka Mingi Baada ya Kukatika Kano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ubora wa maisha unavyopimwa miaka mingi baada ya mtu kukatika kano ya goti. Hoja yake ni kwamba mojawapo ya hojaji zinazotegemewa sana katika tafiti za aina hii imezipanga kazi za goti kwa kufuata maisha ya watu wanaokaa kwenye viti. Ikitumiwa Afrika Mashariki bila kupangwa upya, inaweza kumhesabu kuwa amepona mtu ambaye goti lake bado halimtoshi kwa kupika, kulima, kujisaidia na kuswali.

Utangulizi

Upasuaji unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza wa kushona kano za msalaba za goti ulifanywa na Mayo Robson mjini Leeds, Uingereza, mwaka 1895. Mgonjwa wake hakuwa mwanamichezo. Alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyeumia kazini, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1903 ilimpima kwa mambo ya kawaida: anatembea bila kuchechemea, na mwenyewe analiona goti lake lina nguvu.

Leo jeraha hilo limekuwa la wanasoka. Kano ya msalaba ya mbele, ambayo wapenzi wa soka wanaijua kwa jina la ACL, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na hulidhibiti goti linapojipinda. Mara nyingi hukatika bila mtu kugongwa: mchezaji anageuka ghafla au anatua vibaya baada ya kuruka. Ikishakatika, swali linalotawala ni lini atarudi uwanjani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa baada ya upasuaji 81% hurudi kwenye mchezo wa aina fulani, lakini 55% tu ndio hurudi kwenye mashindano. Takwimu hizo ni muhimu kwa klabu. Kwa mtu atakayeishi na goti hilo miaka 40 zaidi, zinajibu sehemu ndogo sana ya swali.

Yanayojulikana baada ya muongo mmoja

Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanasoka waliokatika kano hiyo. Wanawake waliopigwa picha za eksirei miaka 12 baada ya kuumia walikuwa na wastani wa umri wa miaka 31, na 51% kati yao walikwisha kuwa na dalili za goti kusagika. Kwa wanaume, miaka 14 baada ya kuumia, mabadiliko yalionekana kwa 78%. Waliofanyiwa upasuaji hawakuonekana kunusurika kuliko wengine.

Nchini humo humo, jaribio la KANON liliwagawa vijana 121 wenye jeraha jipya katika makundi mawili: la upasuaji wa mapema pamoja na fiziotherapia, na la fiziotherapia kwanza huku upasuaji ukibaki kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka miwili na hata mitano, alama za makundi hayo kwenye hojaji ya goti zilikaribiana, na kiasi cha nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2022, lenye wagonjwa 316 ambao jeraha lao halikuwa jipya na goti bado lililegea, lilitoa jibu tofauti: baada ya miezi 18 upasuaji uliwapa nafuu kubwa zaidi.

Matokeo hayo hayapingani, kwa kuwa yanahusu wagonjwa wa aina mbili. Mgonjwa wa kwetu anayemfikia mtaalamu miezi mingi baada ya kuumia, goti likiwa bado linalegea na kumwangusha, anafanana zaidi na yule wa Uingereza. Wala jaribio la Sweden halimpi mtabibu ruhusa ya kumwambia mgonjwa akapumzike nyumbani. Fiziotherapia iliyopimwa kule ilikuwa mpango wa miezi, wenye hatua na msimamizi.

Kuna tokeo jingine lenye uzito zaidi kwa hoja yetu. Mapitio yaliyoongozwa na Stephanie Filbay mwaka 2014 yaliwaangalia watu miaka mitano hadi zaidi ya 20 baada ya upasuaji. Walipoulizwa kuhusu afya yao kwa jumla, walijibu karibu sawa na watu wengine. Walipoulizwa kuhusu goti lenyewe, alama zilishuka. Maana yake ni kwamba kipimo kinabadilika kulingana na kinachoulizwa, na kwa hiyo hojaji yenyewe inastahili kuchunguzwa.

Hojaji na maisha ilikotoka

Hojaji inayotegemewa sana katika tafiti hizi ni KOOS. Ilichapishwa mwaka 1998 na Ewa Roos na wenzake, na ina maswali 42 katika mafungu matano: maumivu, dalili nyingine, shughuli za kila siku, michezo na burudani, na ubora wa maisha unaohusiana na goti. Kila fungu hupewa alama kati ya 0 na 100. Fungu la shughuli za kila siku lina maswali 17, yaliyotoka kwenye hojaji ya WOMAC iliyotungwa kwa wagonjwa wa kusagika kwa viungo. Humo mtu huulizwa kuhusu kuingia na kutoka kwenye gari, kuvaa na kuvua soksi, kuingia kwenye hodhi la kuogea, na kuketi chooni na kuinuka. Kuchuchumaa na kupiga magoti kumewekwa kwenye fungu la michezo na burudani, pamoja na kukimbia na kuruka.

Mgawanyo huo una mantiki pale ulipozaliwa. Kwetu hauna. Choo cha shimo hakina pa kuketi. Anayepika kwenye mafiga huchuchumaa kuchochea moto, na anayekuna nazi hukalia mbuzi karibu na ardhi, magoti yamekunjwa. Mwislamu anayetimiza rakaa 17 za faradhi husujudu mara 34 kwa siku, achilia mbali sunna na vikao vya tahiyatu. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, lakini ruhusa hiyo ni nafuu. Haithibitishi kwamba amepona.

Athari ya mgawanyo huo ni kubwa kuliko kuhamishwa kwa maswali mawili. Msimamizi wa hospitali anayeona alama za juu kwenye shughuli za kila siku na za chini kwenye michezo ataelewa kwamba mgonjwa amekosa burudani tu. Hatatenga fedha kwa ajili ya burudani. Kumbe alama hizo za chini zinaweza kuwa zinamhusu mama asiyeweza kuchuchumaa jikoni kwake.

Uhuru wa kuacha

Fungu la ubora wa maisha lina maswali manne tu. Mojawapo huuliza kama mtu amebadilisha mwenendo wa maisha yake ili kuepuka mambo yanayoweza kulidhuru goti. Swali hilo linachukulia kwamba kuepuka kunawezekana. Mhasibu anaweza kuacha soka ya jioni akaanza kuogelea. Mchukuzi wa sokoni, mkulima wa jembe na dereva wa bodaboda hawana cha kuacha isipokuwa riziki. Wakijibu kwamba hawajabadilisha chochote, hojaji inawapa alama kamili kwa swali hilo, ilhali jibu lao linaweza kuwa ni la ufukara.

Mtu anaweza kupinga kwamba kipimo kimoja kwa dunia nzima ndicho kinachowezesha kulinganisha, na kila nchi ikipanga maswali yake ulinganisho utakufa. Pingamizi hili ni la haki, na halilazimishi kuacha KOOS. Maswali 42 yanaweza kubaki kama yalivyo kwa ajili ya ulinganisho, huku majibu ya kuchuchumaa na kupiga magoti yakitolewa pia peke yake chini ya shughuli za kila siku, na swali la kubadilisha maisha likifuatwa na jingine: je, ungeweza kuacha?

Hitimisho

Ubora wa maisha hauwezi kupimwa bila kwanza kujua maisha yenyewe yanadai nini kwa goti. Kwa hospitali zetu, hilo linaanza siku ya kwanza: mgonjwa aulizwe anajisaidia, anapika, anaswali na kufanya kazi katika mkao gani, na mikao hiyo iandikwe kuwa malengo ya fiziotherapia. Uamuzi wa kupasua au kutopasua uzingatie kama goti linalegea katika kazi hizo. Tafiti zitakazofanywa Afrika Mashariki bila hatua hiyo zitapata alama nzuri, lakini hazitakuwa zimempima mgonjwa wetu.