"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi": haya maneno yametoka wapi?

Wadau, hii sentensi mnaijua. Iko chini ya risiti, iko ukutani Kariakoo, na siku hizi iko juu kabisa kwenye kurasa za wauza viatu Insta. Unatuma hela, boda analeta mzigo, unafungua unakuta soli imeachia. Ukimwandikia dada wa page anakujibu kwa hiyo sentensi, halafu anakupiga bloku. Na wengi tunakaa kimya kwa sababu tunadhani ndiyo sheria yenyewe.

Sio sheria. Ila kuna kipindi ilikaribia kabisa kuwa sheria, na hapo ndipo stori inaponoga.

Twende London, kesi ya mwaka 1603. Kuna jamaa alinunua jiwe kwa sonara kwa pauni 100, hela ndefu sana enzi hizo. Lilikuwa linaitwa bezoar, jiwe linalotoka tumboni mwa wanyama kama mbuzi, na watu waliamini linazuia sumu. (Matajiri walikuwa na hofu ya kuwekewa sumu, tusiwacheke.) Sonara alimwambia hili ni bezoar. Kumbe wapi. Jamaa akashtaki, akashindwa! Mahakama ikaona kusema tu "hili ni bezoar" hakutoshi, kwa kuwa sonara hakutamka kwamba analitolea dhamana. Yaani una macho, una mikono, kagua mwenyewe. Ukipigwa, umepigwa.

Fikra hiyo ilitamba muda mrefu. Viwanda vilipoanza kutoa vitu ambavyo huwezi kuvikagua kwa macho, mahakama zikaanza kulegea kidogo kidogo, hadi 1893 Uingereza ikatunga Sheria ya Mauzo ya Bidhaa. Ikasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na hayo maelezo, na ukinunua kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo ukamtegemea, lazima kifae kwa kazi uliyokitakia. Wakoloni wakainakili sheria hiyo wakaileta huku miaka ya 1930, Kenya na Tanganyika. Kwa hiyo babu zetu walikuwa na haki hiyo kwenye makaratasi kabla hata ya uhuru. Nani aliwaambia, hilo swali lingine.

Sasa kesi ninayoipenda mimi ni ya chupi. Mwaka 1931 daktari mmoja wa Adelaide, Australia, alinunua chupi za sufu dukani. Akavaa, ngozi ikaanza kuwasha, ikawa vidonda, akaugua mpaka ikahofiwa atakufa. Kumbe kiwandani kulibaki kemikali kwenye kitambaa. Kesi ikapanda hadi Baraza la Faragha kule London, ambalo ndilo lilikuwa korti ya mwisho ya makoloni, hata ya kwetu. Mwaka 1935 akashinda dhidi ya wote wawili, duka na kiwanda. Na jaji akasema mnunuzi hana haja ya kumweleza muuzaji anataka chupi kwa kazi gani. Sasa ungeitakia nini kingine jamani?

Ila sheria ya 1893 iliacha mlango wazi. Iliruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuziondoa haki hizo. Wafanyabiashara si wajinga, wakajaza vijisentensi kwenye risiti na kuta. Uingereza wenyewe walikuja kuufunga mlango huo kwa mnunuzi wa kawaida mwaka 1973, na 1976 wakaweka kanuni iliyofanya kubandika tangazo la kukunyima haki hizo liwe kosa la jinai. Jinai kabisa! Sisi huku tulibaki na risiti zetu.

Mtandao ukaleta shida nyingine, maana hukigusi kitu kabla ya kulipa. Ulaya mwaka 1997 waliweka siku 7 za kazi za kubadili mawazo kwa anayenunua akiwa mbali, na sheria ya 2011 ikafanya siku 14, hata kama kitu ni kizima. Kwetu hatujafika huko, lakini kusema hakuna kitu ni uongo. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji na kuweka masharti yanayohesabika yamo kwenye mauzo hata kama hamkuyaandika. Ikaja ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayogusa wauzaji wa mtandaoni. Kenya wao haki ya mlaji iko ndani ya Katiba ya 2010, na sheria yao ya 2012 ina vipengele vya makubaliano ya intaneti.

Tatizo ni nani atakimbizana na kesi kwa kiatu cha elfu 35. Dada wa page analijua hilo vizuri kuliko wewe. Lakini Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na akiandika "ngozi halisi, mpya" chini ya picha, hayo ndiyo maelezo inayoyasema ile sheria ya zamani. Sonara wa 1603 alisema kwa mdomo tu. Huyu kaandika, kaweka na bei. Piga skrinishoti kabla ya kutuma hela, maana posti huwa zinafutwa haraka kuliko jibu la DM.