Tetemeko la Nepal: Setilaiti Iliona Mashamba, Haikuona Mbegu

Leo tuangalie historia kidogo. Tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliikumba Nepal na kuua watu karibu 9,000. Maporomoko yaliziba njia za milimani, basi kufika kila kijiji kukagua mashamba kukawa kazi ngumu. Wataalamu wakageukia picha za setilaiti.

Si uchawi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Tarakilishi hulinganisha picha ya kabla na ya baada, pikseli kwa pikseli. Mteremko uliokuwa kijani ukigeuka udongo mtupu, huenda mlima umeporomoka. Huenda, kwa sababu shamba la ngano lililovunwa pia hubaki tupu. Lazima mtu akague. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008, na wataalamu wa kujitolea walichora maporomoko 4,312.

Lakini kuna kitu ambacho setilaiti haikuweza kuona. Wakulima wengi walikuwa wamehifadhi mbegu nyumbani, na nyumba zilianguka wiki chache tu kabla ya msimu wa kupanda mpunga. Kutoka angani shamba lilionekana zima, kumbe mwenyewe hana cha kupanda! Hilo lilijulikana kwa kuwauliza wakulima, na shirika la FAO likagawa mbegu za mpunga.

Sisi waandishi wa programu tukumbuke: penye kijani kwenye ramani, bado tuulize mwenye shamba.