Dhamana ya Mshona Viatu: Asili ya Uangalizi wa Watoto Wakosaji

Watu wengi wasikiapo kwamba mtoto wa jirani amepelekwa kortini kwa wizi, kisha wakamwona jioni ile ile akirudi nyumbani pamoja na mama yake, husema, "Amesamehewa." Wengine hunong'ona kwamba hakimu amepewa kitu. Mara nyingi si hivi wala si vile. Mtoto yule amewekwa chini ya uangalizi, jambo ambalo huko Kenya huitwa probesheni, na watu wa mitaani wamelipa jina la kifungo cha nje. Jina hilo la mitaani halitupendezi, maana asili ya jambo hili haikuwa kifungo cha namna yoyote, bali ilikuwa dhamana. Kwa hiyo tumeona vema kueleza habari zake tangu mwanzo, na hasa twawaelekea walimu wenzetu. Mtoto wa namna hiyo akirudi kwao, hurudi pia darasani mwetu, na mwangalizi wake akitaka kujua mwendo wake, sisi ndio tutakaoulizwa.

Katika mji wa Boston, katika Massachusetts ya Marekani, palikuwa na fundi mshona viatu, jina lake John Augustus, aliyezaliwa mwaka 1785. Hakuwa mwanasheria wala askari, wala hakuwa na cheo chochote serikalini. Alikuwa mmoja wa chama cha watu walioacha ulevi kabisa, naye alikuwa na desturi ya kwenda kortini kutazama mashauri. Siku moja ya mwezi Agosti mwaka 1841 aliona mtu ameletwa kwa kosa la ulevi, nguo zake zimeraruka, hali yake ya kusikitisha. Alizungumza naye maneno machache, akaona kwamba mtu huyo bado ana moyo wa kugeuka, akamwomba hakimu ampe amdhamini. Hakimu akakubali, akaamuru warudi baada ya majuma matatu. Siku ilipotimia mtu yule alirudi akiwa safi na mwenye akili zake, hata waliomwona mara ya kwanza walishindwa kumtambua. Hakimu akamtoza senti moja tu kuwa adhabu, na pamoja na gharama za korti jumla ikawa dola 3 na senti 76.

Tangu siku hiyo Augustus hakuiacha kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1859. Hata ilipofika mwaka 1858 alikuwa amewadhamini watu 1,946, wanaume kwa wanawake, na biashara yake ya viatu ikazidi kudhoofika. Wala wasomaji wasidhani kwamba alishangiliwa na wote. Askari wa korti walikuwa wakipata malipo kwa kila mtu waliyempeleka kifungoni, na kila aliyedhaminiwa na mshona viatu alikuwa ni hasara kwao. Basi walimchukia sana, na mara nyingine walimfanyia hila ili mtu aliyekuja kumtetea ahukumiwe kabla hajapata kusema neno.

Lakini habari tunayotaka kukaa nayo zaidi ni ile ya mwaka 1847. Mwaka huo Augustus aliwadhamini wavulana 19, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 7 na mkubwa miaka 15. Walipatana na korti kwamba mashauri yao yasikatwe upesi, bali yaahirishwe mwezi kwa mwezi, ili wavulana wapate muda wa kujaribiwa. Kila mwezi majina yao yalipoitwa, Augustus alisimama mbele ya hakimu akatoa taarifa ya mwenendo wao. Miezi mitano au sita ilipopita, kumi na wawili katika hao waliletwa pamoja kortini, na hakimu alistaajabu na kufurahi kuwaona, maana hawakuwa tena kama watoto wale waliosimama pale mara ya kwanza. Wakatozwa senti kumi kila mmoja.

Tuangalie alivyofanya, maana kazi yote ya waangalizi wa leo imo ndani ya habari hiyo fupi. Kwanza Augustus hakumdhamini kila mtu. Aliuliza mtoto alikuwa na mwenendo gani zamani, ana umri gani, na akitoka hapa atakaa na watu wa namna gani. Leo mwangalizi afanya vivyo hivyo: kabla ya hukumu, huenda nyumbani na shuleni, huzungumza na wazazi na wazee, kisha humwandikia hakimu taarifa. Tena Augustus alimtafutia mtoto shule au kazi ya halali. Hakumwambia tu aache uovu, kisha akamrudisha katika njaa ile ile na rafiki wale wale. Tena palikuwa na muda wenye mwisho, na mtoto alijua kwamba siku fulani atasimama mbele ya hakimu yule yule, naye atasikia habari zake zikisomwa. Sisi tulio walimu twajua nguvu ya jambo hilo. Mtoto aliyetishwa kwa maneno makubwa husahau kabla ya kengele kulia, lakini ajuaye kwamba daftari lake litatazamwa Ijumaa hujitahidi tangu Jumatatu.

Alipokwisha kufa, wengine waliendelea na kazi yake kwa hiari, kisha serikali ya Massachusetts ikaanza kuifanya iwe sheria. Mwaka 1869 iliamuru pawepo mjumbe wa serikali wa kuhudhuria kortini katika mashauri ya watoto, awatafutie mahali pema pa kukaa, na awatembelee huko. Mwaka 1878 mji wa Boston ulipewa ruhusa ya kumwajiri mwangalizi kwa mshahara, na mtu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Edward Savage, ambaye zamani alikuwa mkuu wa polisi wa mji huo. Twaona hapo jinsi mkono uliodhamini na mkono uliokamata ulivyoanza kukaribiana.

Huko Chicago nako watoto walikuwa wakitiwa jela pamoja na watu wazima. Akina mama wa mji, miongoni mwao Lucy Flower na Julia Lathrop, walipigania jambo hilo kwa miaka, hata sheria ikapatikana mwaka 1899, na mwezi Julai mwaka huo korti ya watoto ikafunguliwa chini ya Jaji Richard Tuthill. Sheria iliruhusu waangalizi, lakini ilikataza wasilipwe hata senti moja kutoka hazina ya serikali! Basi akina mama wale walichangisha fedha wenyewe, wakawalipa waangalizi mpaka mwaka 1905, serikali ya wilaya ilipouchukua mzigo huo. Mwangalizi wa kwanza alikuwa Alzina Stevens, mama aliyefanya kazi katika kiwanda cha pamba alipokuwa mtoto, akakatwa kidole na mashine akiwa na miaka 13. Hakuhitaji kufundishwa na mtu maana ya mtoto kukosa utoto wake.

Kutoka hapo mfano wa Chicago ulienea upesi katika Marekani yote. Na habari ikiwa nzuri namna hii, ni rahisi kuifuata bila kuuliza maswali. Lakini yako mambo mawili yaliyotokea baadaye ambayo si haki kuyaficha.

La kwanza lilitokea katika Cambridge na Somerville, miji iliyo jirani ya Boston. Huko daktari mmoja, Richard Cabot, alitaka kujua kwa hakika kama urafiki wa mtu mzima mwema waweza kumzuia mvulana asiingie katika uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili waliofanana, kisha kura ikaamua nani katika kila jozi apewe mshauri na nani aachwe kama alivyo. Hao washauri hawakuwa waangalizi wa korti, lakini kazi yao ilifanana sana na ya waangalizi: kutembelea nyumba, kusaidia masomo, kupeleka watoto kwa madaktari, na wengine kuwapeleka kambini wakati wa likizo. Kazi ilianza mwaka 1939, ikaisha mwaka 1945. Yapata miaka thelathini baadaye Joan McCord aliwatafuta wale wavulana, sasa watu wazima, na mwaka 1978 akatoa habari yake. Waliopewa rafiki hawakuwa bora kuliko wenzao, na katika mambo mengine hali yao ilikuwa mbaya zaidi, ijapokuwa wengi wao walisema kwamba walisaidiwa. Baadaye McCord na wenzake walionyesha kwamba huenda madhara yalitoka kambini, mahali ambapo wavulana wenye matata walikusanywa pamoja, wakafundishana.

Sisi hatuoni kwamba habari hiyo yabomoa kazi ya Augustus. Yeye hakuwakusanya wavulana wake mahali pamoja, wala urafiki wake haukuwa bila kipimo wala bila mwisho. Lakini yatuonya kwamba moyo mwema si ushahidi kuwa kazi imefaa. Na wachunguzi wa siku hizi wamekuta jambo linalokaribiana na hilo: kumlinda mtoto kwa ukali na kumwongezea masharti, bila msaada wa kumfundisha njia nyingine ya kuishi, hakupunguzi makosa, na aliyekosa kosa dogo akibanwa mno huweza kuharibika. Tumewahi kuona karatasi yenye masharti kumi na tano ambayo mtoto alitakiwa kuyashika. Hata mtu mzima hawezi kuyakumbuka.

La pili lilitokea Arizona. Kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alikuwa chini ya uangalizi wa miezi sita kwa sababu alikuwa pamoja na mwenzake aliyeiba pochi ya fedha. Mwezi Juni mwaka 1964 mama mmoja jirani alilalamika kwamba amesemewa maneno machafu kwa simu. Gault alikamatwa wazazi wake wakiwa kazini, wala hawakuambiwa. Hakupewa wakili, na mlalamikaji hakufika kortini hata mara moja. Hakimu akaamuru apelekwe katika shule ya kurekebisha tabia mpaka afikishe miaka 21, na hali mtu mzima mwenye kosa hilo angetozwa dola 5 mpaka 50, au kufungwa muda usiozidi miezi miwili. Korti ya watoto ilijiona ni mzazi wa huruma, kwa hiyo haikuona haja ya kufuata taratibu za korti nyingine. Mwaka 1967 Korti Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo, ikasema kwamba mtoto naye ana haki ya kujulishwa mashtaka, kuwa na wakili, kuwauliza mashahidi, na kutolazimishwa kujishuhudia.

Huku kwetu jambo hili halikuja moja kwa moja kutoka Boston, bali lilipitia Uingereza. Huko mpiga chapa mmoja, Frederic Rainer, alitoa shilingi tano mwaka 1876 ili kianzishwe chama cha kuwasaidia walevi wanaoletwa kortini, na watumishi waliotumwa kwa kazi hiyo ndio waliokuwa waangalizi wa kwanza. Sheria ya mwaka 1907 iliwapa cheo rasmi, ikawaagiza kumshauri mkosaji, kumsaidia, na kuwa rafiki yake, tena ikataka wawepo waangalizi maalum wa watoto wasiotimiza miaka 16. Kwa mfano huo Kenya ilipata sheria yake mwaka 1943, na Tanganyika mwaka 1947. Sheria hizo zote mbili zilitungwa kwa wakosaji wa umri wowote. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka korti ya watoto, na maafisa wa ustawi wa jamii hufanya kazi ndani yake. Ile ya Kenya ya mwaka 2022 yasema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, na hapo zamani umri huo ulikuwa miaka 8.

Katika sheria ya Kenya mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu, na hakimu hupaswa kumweleza kwa lugha aijuayo maana ya masharti na yatakayompata akiyavunja. Hayo ni mema. Shida yetu ni ya miguu na hesabu. Mshona viatu wa Boston alikuwa na wavulana 19 katika mji mmoja, nao walikaa mwendo wa kutembea kutoka dukani kwake. Mwangalizi wa leo huweza kuwa na wilaya nzima, barabara mbovu, na wakosaji wengi kuliko siku za mwezi. Kwa sababu hiyo Kenya ilifuata mfano wa Japani, ikachagua wasaidizi wa kujitolea wakaao vijijini. Mwangalizi mwenyewe akifika baada ya majuma kadhaa, atakuta mtoto ameoga na mama amepanga maneno. Msaidizi wa jirani humwona mtoto yule akipita na ndoo asubuhi, na asipomwona siku mbili huenda kuuliza amelala wapi.