Wanyama wa Fizi na Itombwe: kutoka msituni hadi makumbusho

Wanyama wa milima iliyo magharibi mwa Ziwa Tanganyika waliingia katika makumbusho ya Ulaya miaka mingi kabla ya Kivu kuwa na makumbusho yake. Rudolf Grauer, Mwaustria, alizunguka eneo hilo kati ya 1908 na 1910 akikusanya ngozi na mifupa. Mwaka 1909 Walter Rothschild wa Tring, Uingereza, alimtangaza ndege mdogo wa kijani, akampa jina la Grauer. Mwaka 1914 Paul Matschie wa Berlin akafanya vivyo hivyo kwa gorila wa mashariki mwa Kongo. Wenyeji ndio walioujua msitu, lakini majina yaliyobandikwa ni ya wageni.

Baadaye alikuja Alexandre Prigogine, aliyefanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Kamituga na kupenda ndege kuliko kitu kingine. Mwaka 1951 alipata bundi kutoka Muusi, Itombwe. Mwanazoolojia Henri Schouteden alimweleza kisayansi mwaka uliofuata, na ngozi yake ikawekwa Tervuren, Ubelgiji. Kwa miaka 45 sayansi haikuwa na bundi mwingine wa aina hiyo mkononi. Mwaka 1996 mmoja alinaswa hai kwa wavu huko Itombwe, akaachiliwa. Miezi michache tu baadaye vita vikaanza nchini Kongo.

Kivu nayo ilikuwa imeanza kujiwekea hazina yake. Taasisi ya utafiti ya IRSAC iliundwa mwaka 1947, na Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ikawa makao yake makuu. Humo mmebaki maktaba kubwa, ndege waliokaushwa, nyoka ndani ya chupa za dawa na wadudu waliochomwa pini. Leo taasisi hiyo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Kwa watu wa Fizi, hata hivyo, Lwiro ni mbali: familia itokayo Kilembwe hupita Fizi mjini, Baraka na Uvira kabla ya kufika Bukavu, nayo si safari ya siku ya mapumziko. Wengi wanaotembelea Lwiro ni wa karibu.

Wanyama hai wapo pia, ingawa mahali hapo hapakujengwa kuwa bustani ya wanyama. Mwaka 2002 CRSN na ICCN, idara ya hifadhi, walianzisha kituo cha kuwatunza sokwe na kima walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Sasa kina sokwe mtu zaidi ya 100, pamoja na kima wa aina nyingi. Wengi waliletwa wakiwa wachanga. Kumpata mtoto mmoja, wawindaji humuua mama yake, mara nyingi na wengine wa kundi, kwa hiyo kila mmoja wa hao ni alama ya vifo kadhaa msituni.

Wageni huwaangalia wakiwa nje ya uzio. Hawaruhusiwi kuwashika, maana mafua ya binadamu huambukiza sokwe na yanaweza kuwaua.