Nani Atataja Bei? Minada ya Sherifu katika Iowa na Minnesota, 1932–1934

Tarehe 4 Januari 1933, katika mji mdogo wa Le Mars, jimbo la Iowa, Marekani, mamia ya wakulima walikusanyika kwenye mahakama ya kaunti. Shamba la mwenzao lilikuwa linapigwa mnada kwa sababu ya deni la rehani la dola 33,000. Wakili wa kampuni ya bima ya New York iliyokuwa inadai fedha hizo alitaja dola 30,000. Umati ukamzunguka na kutishia kumnyonga. Hawakumkataza kununua, walichotaka ni apandishe bei. Wakili akapeleka telegramu New York kuomba ruhusa ya kutaja deni lote, akieleza kwamba shingo yake iko hatarini. Ruhusa ikaja, na shamba likauzwa kwa bei hiyo.

Mtu anayesoma kisa hiki kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa vitabu vingi vya historia vinapozungumzia wakulima wa Marekani wakati wa Mdororo Mkuu hutaja kinyume chake: minada ya senti, ambapo majirani walihakikisha bei haipandi hata kidogo. Kwa nini watu walewale, katika msimu uleule, walitaka bei ishuke hadi senti uani kwa mkulima, na ipande hadi dola ya mwisho kwenye mahakama? Katika insha hii ninadai kwamba hapakuwa na mgongano wowote. Wakulima wale walijua sheria ya mnada vizuri kuliko tunavyowadhania.

Kwanza tumwelewe sherifu. Kwetu Uganda tumezoea bailifu wa mahakama na matangazo ya minada gazetini. Sherifu wa Marekani ni ofisa wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, na kazi zake ni pamoja na kukamata wahalifu na kutekeleza amri za mahakama. Mdaiwa akishindwa kulipa, mkopeshaji huenda mahakamani, mahakama hutoa hukumu, kisha sherifu hutangaza siku ya mnada na kuuza mali hadharani kwa anayetaja bei ya juu. Kwa hiyo mtu aliyeshika nyundo ya mnada alihitaji kura za walewale waliosimama mbele yake wamekunja ndita. Jambo hilo halikuandikwa katika sheria ya rehani, lakini lilikuwepo siku zote.

Chanzo cha minada kilikuwa bei ya ardhi. Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha bei ya mazao, wakulima wakakopa ili wanunue mashamba zaidi, na mwaka 1920 ekari moja ya Iowa ilifikia wastani wa dola 255. Kufikia 1933 ekari hiyo ilikuwa dola 69 hivi. Deni halikushuka pamoja na ardhi. Aliyekopa alipaswa kulipa dola zilezile kwa mahindi ambayo katika majira ya baridi ya 1932 hadi 1933 yalikuwa na bei duni kiasi kwamba baadhi ya familia ziliyachoma jikoni badala ya makaa.

Mnada wa senti ulihusu hasa mali inayohamishika: ng'ombe, farasi, plau, trekta. Vitu hivi viliwekwa dhamana ya mikopo midogo, mara nyingi kutoka benki za karibu, na viliuzwa uani kwa mdaiwa. Majirani walikuja wengi, wakasimama bega kwa bega. Farasi akitolewa, mmoja alitaja senti kumi, na wengine wote wakanyamaza. Mgeni aliyefungua kinywa aliguswa bega na kuulizwa kama kweli anadhani bei hiyo ni ndogo mno. Mahali pengine kitanzi cha kamba kilining'inia kwenye mlango wa banda, na hapakuwa na haja ya kukieleza. Mwishowe mali yote ilikwenda kwa dola chache, ikarudishwa kwa mwenyewe, naye mkopeshaji akaondoka na mfuko wa sarafu. Kisheria mnada ulikuwa umefanyika. Mali ilitangazwa, watu walifika, na aliyetaja bei ya juu alishinda.

Kwa ardhi mbinu hiyo isingefaa, na hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kwenye mnada wa shamba mkopeshaji mwenyewe anaruhusiwa kutaja bei, na hahitaji kuja na fedha: anatumia deni analodai kama malipo. Majirani wakinyamaza, hawamzuii; wanamwachia uwanja. Atanunua kwa bei anayoitaka yeye, halafu tofauti kati ya bei hiyo na deni itabaki juu ya mdaiwa. Kule Le Mars baki hilo lilikuwa dola 3,000. Familia ingepoteza shamba, na bado ingeweza kufuatwa kwa baki hilo, likala ng'ombe na plau ambavyo majirani walijitahidi kuviokoa. Kwa kulazimisha bei ya dola 33,000, umati haukuliokoa shamba, lakini ulilifuta deni lote. Nadhani telegramu ile inatufundisha mengi zaidi kuliko vitanzi vyote vya mabandani, ingawa wapiga picha walipenda vitanzi.

Sisemi kwamba yaliyotendeka yalikuwa mazuri. Wakili yule alikuwa mwajiriwa, na fedha za kampuni za bima zilikuwa pia akiba za watu wa kawaida waliolipa michango yao kila mwezi. Tarehe 27 Aprili 1933, huko huko Le Mars, wakulima waliingia mahakamani wakamtaka Jaji Charles C. Bradley aape kwamba hatatia saini amri nyingine ya kuuza mashamba. Alikataa. Wakamburuta nje, wakampeleka njia panda nje ya mji, wakamvika kamba shingoni, wakampaka grisi na vumbi, kisha wakamwacha hai. Gavana Clyde Herring alituma wanajeshi na kutangaza utawala wa kijeshi katika kaunti hiyo. Mwanahistoria anayesimulia minada ya senti kama ngano ya ujirani mwema, halafu akaliruka tukio hili, anadanganya kwa kunyamaza.

Hata hivyo vitisho vilikuwa vimekwisha fanya kazi. Kabla ya Januari kwisha baadhi ya kampuni kubwa za bima zilisitisha kuuza mashamba ya Iowa, na Februari bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuahirisha kesi za rehani. Minnesota ilifuata Aprili kwa sheria iliyoziruhusu mahakama kurefusha muda ambao mdaiwa anaweza kuikomboa mali iliyokwisha kuuzwa na sherifu. Wakopeshaji walipinga, wakisema katiba inakataza jimbo kuvunja mikataba.

Kesi iliyofika Mahakama Kuu ya nchi haikuhusu shamba. Ilihusu nyumba ya John na Rosella Blaisdell mjini Minneapolis. Ilikuwa na vyumba 14. Wenyewe waliishi katika vitatu na kupangisha vilivyobaki. Sherifu aliiuza tarehe 2 Mei 1932, na mnunuzi alikuwa mkopeshaji mwenyewe, aliyetaja dola 3,700 na senti 98, yaani deni lilivyokuwa. Mahakama ya Minnesota ilikadiria kwamba nyumba ina thamani ya dola 6,000. Muda wa kuikomboa ungekwisha Mei 1933. Mahakama ikaurefusha hadi tarehe 1 Mei 1935. Tarehe 8 Januari 1934 majaji watano dhidi ya wanne waliikubali sheria hiyo, na Jaji Mkuu Charles Evans Hughes akaandika kwamba dharura haiumbi mamlaka mapya, ila inaweza kuwa sababu ya kutumia yale yaliyopo. Kwa muda huo ulioongezwa, familia ya Blaisdell ilitakiwa kulipa dola 40 kila mwezi, kiasi ambacho mahakama ilikiona kuwa kodi ya haki ya nyumba ile.