Mizuka ya Domu

Kila shule ya bweni Kenya ina mzuka wake. Kuna yule mwanamke mrembo mwenye kwato za punda, anayepita koridoni saa nane za usiku, ko, ko, ko, na ole wako ukichungulia. Kuna kitanda cha pembeni ambacho hakuna mtu hukilalia. Kuna choo cha mwisho ambacho huendi bila rafiki wa kukushikia tochi. Halafu kuna ile stori kuu ambayo mamono husimuliwa na wakubwa wao wiki ya kwanza tu, taa zikishazimwa: "Kwani hamjui? Shule hii ilijengwa juu ya makaburi."

Mara nyingi hizi ni stori za jaba, na zina kazi yake. Mono anayeogopa kwato haruki ua kwenda kununua chapati. Anabaki kitandani, anaheshimu wakubwa, na mwaka ukifuata anawatisha wengine kwa maneno yale yale. Lakini ukifuatilia baadhi ya mizuka hii mpaka ilikotoka, unafika mahali ambapo somo la historia lilipita mbio.

Chukua Nyeri. Shule ya Wasichana ya Kangubiri iko mahali palipokuwa na kambi ya Aguthi, na Shule ya Upili ya Mweru, kule Mukurwe-ini, iko palipokuwa na kambi ya Mweru. Hizi zilikuwa kambi za kazi za Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960. Watu walioshukiwa kuwa Mau Mau walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, wakifanyishwa kazi ngumu na kupigwa, hadi wakubali kukana kiapo. Kambi zilipofungwa, ardhi na majengo yalibaki, na watoto walihitaji shule. Ndiyo maana kuna Wakenya waliosoma aljebra hatua chache tu kutoka kwenye seli za zamani.

Kwa hivyo mwanafunzi wa sehemu kama hiyo akikwambia usiku anasikia mtu akilia, unaweza kucheka ukitaka. Lakini hajakosea sana. Watu walilia pale kweli.

Kwa nini basi habari hii ibaki mdomoni mwa wanafunzi gizani, badala ya ubaoni mchana? Sababu mojawapo ni kwamba kuisema kulikuwa na gharama. Baada ya uhuru, aliyefungwa kambini na homgadi aliyemlinda walirudi kuishi kwenye mteremko mmoja wa kijiji, wakichota maji mto mmoja, na serikali ikahimiza watu wasahau yaliyopita. Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa imepigwa marufuku kisheria mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru! Uingereza nayo ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake huko Hanslope Park, na jambo hilo likajulikana wazi 2011 kwa sababu ya kesi ya wazee wa Kenya. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9 ili kumaliza madai ya watu 5,228. Miaka hiyo yote ambayo mzee alinyamaza na faili zikafungiwa, mzuka uliendelea kuongea. Mzuka hauombi kibali.

Hata hivyo, mzuka una kasoro moja kubwa. Unakuonyesha mahali palipo na maumivu, lakini haumtaji aliyeyasababisha. Na kuna wakati unatazamisha watu upande usiofaa kabisa.

Miaka ya tisini hofu ya mabwenini ilifika hadi Ikulu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilikamilika 1995 na ikawekwa wazi 1999, ikiwa imejaa masimulizi ya kafara za watu na mambo ya kichawi. Kwa watoto wa shule, stori ya kwato sasa ilikuwa na mhuri wa serikali.

Sasa weka tarehe nyingine kando ya hizo. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la Bombolulu, kule Pwani. Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili, madirisha yalikuwa na vyuma na mlango ulikuwa umefungwa. Tulifundishwa kuogopa kile kinachotembea nje usiku, ilhali hatari ilikuwa kufuli iliyotuzuia kutoka.

Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Ni sentensi kavu, haina kwato wala kilio, na hakuna mono anayesimuliwa taa zikizimwa. Lakini ndiyo stori aliyofaa kusikia usiku wake wa kwanza.

Sisemi tuache kusimuliana. Watu wa darasa moja wakikutana, lazima mtu aanze za yule mwanamke wa koridoni, na hiyo ni raha yake. Ila stori ikiisha na watu wakimaliza kucheka, kuna maswali ya kuuliza. Hapo palikuwa na nini kabla ya shule? Usiku ule, nani alikuwa na ufunguo? Na kile kitanda cha pembeni kisicholaliwa, kilikuwa cha nani?